Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: wapigeni vijana wenye kifafa picha za ubongo zinazosomeka

Kwa:
Waheshimiwa viongozi wenye dhamana ya afya nchini,
Wakurugenzi wa hospitali za rufaa,
Wasimamizi wa mifuko ya bima ya afya,
Wenyeviti wa kamati za maadili ya utafiti wa tiba.

YAH: UPIGAJI, USOMAJI NA UTUNZAJI WA PICHA ZA MRI ZA WATOTO NA VIJANA WENYE KIFAFA

Waheshimiwa,

Rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro na mama wa binti mwenye kifafa. Ninaandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Nilimwandikia mganga mfawidhi wa hospitali iliyompima mwanangu, nikaandika ngazi iliyo juu yake, kisha nikafika ofisini mwenyewe. Jibu nililorudi nalo ni lile tulilolizoea, kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Binti yangu ameisoma barua hii kabla yenu, na ameniruhusu nieleze yanayomhusu.

Ninachodai ni hiki. Kijana ambaye kifafa chake hakitulii kwa dawa apigwe MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, kwa utaratibu unaofaa kifafa, picha yake isomwe na mtu anayejua anachokitafuta, kisha itunzwe ili, akiridhia, isaidie wataalamu wetu kujua ubongo wa vijana wenye kifafa hapa nchini una tofauti gani na wa wenzao wasio nacho. Yote matatu yanakosekana, na sehemu kubwa ya sababu si fedha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila mishtuko wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Barua hii inawahusu hasa wale waliobaki, ambao wamekunywa dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa kipimo sahihi, na bado wanaanguka. Kwa wengi wao kuna kitu ndani ya ubongo: kovu, uvimbe mdogo, au sehemu ya gamba la ubongo ambayo haikujipanga sawasawa mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka 2017 watafiti wa nchi 12 za Ulaya walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tishu za ubongo za wagonjwa 9,523 waliofanyiwa upasuaji wa kifafa. Robo tatu yao walianza kupata mishtuko kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa hiyo tatizo linaanza utotoni, na utotoni ndiko kunakopaswa kutazamwa.

HOJA ZETU

1. Picha zinapigwa, lakini si picha za kifafa.

Binti yangu alipata degedege refu la homa akiwa hajafikisha miaka miwili. Alipona, akakua, akaanza shule. Alipokuwa darasa la tano tukaanza kuona jambo ambalo watu wengi hawalijui kuwa ni kifafa. Anaacha kuongea katikati ya sentensi, anakodoa macho, anatafuna mdomo mtupu. Mkono wa kulia unakakamaa, na vidole vya kushoto vinapapasa kifungo cha sare mpaka kinang'oka. Baada ya dakika moja au mbili anazinduka, lakini maneno hayamjii kwa muda. Anaijua kalamu iliyo mkononi mwake ila jina lake halipati. Shuleni walisema ana usingizi. Mtaani walisema ni mapepo. Alianzishiwa kabamazepini, dozi ikaongezwa, baadaye akabadilishiwa dawa, na mishtuko ikaendelea.

Tukapewa rufaa ya MRI. Ripoti iliyorudi ilikuwa na mstari mmoja: hakuna tatizo lililoonekana. Tuliishi na mstari huo mpaka mzazi mwenzetu alipotuelekeza kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Yule daktari hakuitazama ripoti. Aliomba CD, akaifungua kwenye kompyuta yake na kutugeuzia kioo nasi tuone. Vipande vya picha vilikuwa na unene wa milimita 5, tena vikiwa na mapengo katikati. Hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo ndani usawa wa sikio na inayobeba kazi kubwa ya kumbukumbu, ilionekana kwenye vipande vichache tu, navyo vilikuwa vimekatwa upande usiofaa. Akasema, "Mwalimu, kwa picha hizi siwezi kukwambia ni nzima, na siwezi kukwambia ni mbovu."

Alipopigwa upya kwingine, kwa vipande vya milimita 1 na vingine vilivyokatwa kukingama na urefu wa hipokampasi, hata mimi niliona. Ya kushoto ilikuwa imesinyaa na kung'aa kuliko ya kulia. Ni kovu. Daktari alisema huenda linahusiana na lile degedege refu la utotoni.

Naomba mlizingatie hili kuliko yote niliyoandika: mashine ya kwanza na ya pili zilikuwa na nguvu sawa ya sumaku, Tesla 1.5. Kilichotofautiana ni mpangilio uliochaguliwa kwenye mashine siku ile.

Mpangilio huo haukufichwa popote. Mwaka 2019 wataalamu wa picha wa ILAE, jumuiya ya kimataifa ya madaktari na watafiti wa kifafa iliyoanzishwa mwaka 1909, walichapisha mwongozo unaoitwa HARNESS-MRI. Unataka picha za aina tatu: T1 na FLAIR zinazochukua ubongo mzima kwa vipande vya milimita 1 bila pengo, na T2 yenye ukali wa kutosha iliyokatwa kukingama na hipokampasi. Unafanya kazi kwenye mashine za Tesla 1.5 na za Tesla 3, na kwa kawaida hauhitaji sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Ukishawekwa kwenye mashine unabaki humo. Mpiga picha anauchagua kwenye orodha kama anavyochagua wa mgongo au wa goti.

2. Ripoti safi inachukuliwa kuwa mwisho wa uchunguzi.

Fomu ya rufaa ya mwanangu ilikuwa na neno moja tu mahali pa maelezo ya ugonjwa: kifafa. Hakuna aliyeandika kwamba mkono wa kulia hukakamaa, kwamba maneno humpotea baada ya mshtuko, au kwamba aliwahi kupata degedege refu. Msomaji wa picha angeambiwa hayo angejua aanzie upande wa kushoto, usawa wa sikio. Dosari za gamba la ubongo kwa watoto zinaweza kuwa ndogo na kujificha chini kabisa ya mkunjo, na mtu anayesoma picha za ajali, kiharusi na mgongo tangu asubuhi hawezi kuzikuta bila kuelekezwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili ugumu unazidi, kwa kuwa ubongo wake bado unakomaa na unaweza kuifunika dosari. Picha safi ya umri ule inapaswa kurudiwa baadaye mishtuko ikiendelea. Ni wazazi wangapi wameambiwa hivyo?

Ziko pia programu za kompyuta zinazosaidia kuwinda dosari hizi. Mradi wa MELD, unaoongozwa kutoka London, umekusanya picha kutoka vituo vingi vya kifafa duniani na kutengeneza programu ambayo watafiti wanaweza kuitumia bure. Imeonyesha uwezo wa kukuta baadhi ya dosari zilizowapita wasomaji. Lakini inahitaji picha za vipande vyembamba. Ukiilisha picha ya milimita 5 haina cha kufanya nayo.

3. Vijana wetu hawamo kwenye elimu inayotumika kuwatibu.

Mwaka 2018 kundi la watafiti la ENIGMA-Epilepsy lilichapisha ulinganisho wa picha za MRI za watu 2,149 wenye kifafa na watu 1,727 wasio nacho, kutoka vituo 24 katika nchi 14. Waligundua kuwa baadhi ya maeneo ya gamba la ubongo ni membamba zaidi kwa wenye kifafa, hasa yale yanayoongoza mwendo wa mwili, na kwamba thalamasi ya kulia, sehemu iliyo ndani katikati ya ubongo, ni ndogo. Tofauti hizo zilikuwepo hata kwa aina za kifafa ambazo picha yake, kwa macho ya kawaida, huonekana safi. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Vituo vile 24 vilikuwa Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Kusini, Asia na Australia. Bara letu halikuwamo.

Huenda mtu akauliza mwalimu wa sekondari mambo haya yanamhusu nini. Yananihusu kwa sababu swali zito lililobaki katika elimu hii linajibiwa na vijana. Utafiti ule ulikuta kwamba kadiri mtu alivyoishi na kifafa muda mrefu, ndivyo baadhi ya tofauti zilivyokuwa kubwa. Je, ubongo ulikuwa tofauti kabla ndipo kifafa kikaja, au mishtuko ya miaka mingi, pengine na dawa zake, ndiyo iliyoupunguza? Picha moja ya mtu mzima wa miaka arobaini haiwezi kujibu. Anayeweza kutoa jibu ni mtoto aliyepigwa picha karibu na mishtuko yake ya kwanza, akapigwa tena baada ya miaka kadhaa, akalinganishwa na mwenzake wa umri uleule asiye na kifafa. Huyo mwenzake ni wa lazima, maana gamba la ubongo hupungua unene lenyewe katika ujana, kwa afya njema kabisa. Mwaka 2022 zilichapishwa chati za ukuaji wa ubongo zilizotokana na picha zaidi ya 120,000, na waliozitengeneza walisema wazi kwamba picha hizo zimeegemea zaidi Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mtoto wa Ifakara anapimwa kwa kipimo ambacho watoto wa Ifakara hawakushiriki kukitengeneza.

Tena sababu zetu si zile za kwao peke yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 ulihesabu watu wenye kifafa cha mishtuko ya mwili mzima katika maeneo matano ya Afrika: Kilifi nchini Kenya, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Agincourt nchini Afrika Kusini, Kintampo nchini Ghana, na Ifakara hapa kwetu. Ulihusisha kifafa na matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa, na vimelea, wakiwemo minyoo ya tegu ya nguruwe na minyoo ya usubi. Haukuwa utafiti wa picha. Tunajua kwamba mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, au kwamba damu yake ina dalili za vimelea, lakini hatujui kwa upana unaotosha ni alama gani mambo hayo yameacha kichwani mwake, wala kwa nini mtoto mmoja aliyepata malaria ya ubongo anaishia na kifafa na mwingine anapona.

Mkoani kwetu jambo hili lina historia inayouma. Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge zaidi ya miaka 60 iliyopita, na aliandika juu ya watoto ambao kichwa huinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, hali ambayo wenyeji huita kusinzia kichwa. Miongo ikapita. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa wachache wa hali hiyo walipigwa MRI, na baadhi walikutwa na mabadiliko kwenye hipokampasi, mahali palepale palipo na kovu la mwanangu. Tangu kuandikwa kwa ugonjwa mpaka kutazamwa kwa ubongo pamepita kizazi kizima na zaidi, na wengi wa watoto wale wa mwanzo hawakuishi kuona jibu.

4. Picha hazitunzwi.

Mzazi anakabidhiwa CD. Ikikwaruzwa, ikivunjika, ikipotea katika kuhama nyumba, basi. Nilipoomba nakala ya picha ya kwanza ya binti yangu ili ilinganishwe na ya pili, niliambiwa haimo tena kwenye mfumo.

5. Gharama inamwangukia mzazi.

MRI moja ni laki kadhaa za shilingi, na kuna nauli, malazi, pengine na dawa ya usingizi kwa mtoto asiyeweza kutulia ndani ya mashine. Picha isiyofaa ikirudiwa, mzazi analipa mara mbili kwa kosa lisilo lake. Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kifafa kisichotulia kwa dawa kimeandikwa wapi katika kitita chake?

MAJIBU TULIYOKWISHA KUPEWA

Tumeambiwa mashine ni chache. Ni kweli, na hatuombi kila wilaya ipewe yake kesho. Tunaomba zilizopo zitumike vizuri. Mashine ndogo za sumaku dhaifu zinakuja pia. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, kwa kushirikiana na Leiden ya Uholanzi, wamekwisha kuunganisha moja papo hapo chuoni. Hizo zitasaidia kwa mambo makubwa kama maji kujaa kichwani. Kwa kovu dogo la hipokampasi bado tunahitaji sumaku yenye nguvu, na isitumike hoja ya mashine ndogo kutunyima picha kamili.

Tumeambiwa CT scan inatosha. CT inaonyesha damu, uvimbe mkubwa, na mabaki ya minyoo ya tegu yaliyogeuka chokaa. Huko Mbulu, watafiti wa hospitali ya Haydom wameitumia vizuri kwa kazi hiyo. Kovu la hipokampasi na dosari ndogo za gamba la ubongo huipita kirahisi. Halafu CT hutumia mionzi, na MRI haitumii.

Jibu linaloumiza zaidi ni hili: hata tukiliona tatizo, tutalifanyia nini, upasuaji wenyewe uko wapi? Mwaka 2017 madaktari wa New Delhi, India, walichapisha matokeo ya watoto na vijana 116 waliokuwa na kifafa kisichosikia dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 77 ya waliopasuliwa hawakuwa na mishtuko, dhidi ya asilimia 7 ya walioendelea na dawa peke yake. Upasuaji una hatari zake, na ripoti yao haikuzificha. Karibu nasi zaidi, ripoti ya mwaka 2009 kutoka hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, ilieleza wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kifafa cha upande wa sikio wakiwa hapohapo Afrika Mashariki, na baadhi yao mishtuko ilikoma. Nchi yetu ina madaktari wa upasuaji wa ubongo. Hawawezi kujenga huduma kwa wagonjwa ambao hakuna aliyewatambua. Na hata pasipo upasuaji, siku tuliyoonyeshwa lile kovu mambo yalibadilika nyumbani. Baba mkubwa wa binti yangu, aliyekuwa akisisitiza tumpeleke kwa mganga wa jadi, alinyamaza, kisha akaomba aione picha.

Tumeambiwa utafiti ni anasa, tiba kwanza. Kwa kifafa picha ya tiba na ya utafiti ni ileile, inapigwa mara moja kwa mpangilio uleule. Utafiti hapa unaongeza ridhaa, hifadhi, na mtu wa kulinganisha naye.

Mwisho tumeambiwa habari ya faragha. Hiyo tunaikubali kwa moyo wote, kwa kuwa vijana wetu wamekwisha kunyanyapaliwa vya kutosha, na picha ya MRI ya kichwa inaweza kutumika kuunda upya sura ya mtu. Ndiyo maana kuna programu za kufuta uso kabla picha haijatolewa kwa mtafiti, na ndiyo maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ifuateni. Isigeuzwe sababu ya kufuta picha.

TUNACHOOMBA

a) Kila mashine ya MRI katika hospitali za umma, na zile za binafsi zinazolipwa na bima, iwekewe mpangilio wa kifafa kwa kufuata HARNESS-MRI, na wapiga picha wafundishwe kuutumia.

b) Fomu ya rufaa ya kifafa iwe na nafasi ya lazima ya kueleza mshtuko unavyoanza, upande unaokakamaa, kinachofuata baada yake, umri ulipoanza, na historia ya degedege, kuzaliwa kwa shida, malaria kali au jeraha la kichwa. Ukurasa mmoja unatosha.

c) Picha za vijana ambao dawa mbili zimeshindwa zisomwe mara ya pili na jopo la pamoja la radiolojia, mishipa ya fahamu na upasuaji wa ubongo, kwa njia ya mtandao, ili wa Mahenge asilazimike kusafiri hadi Dar es Salaam kufuata macho ya mtu.

d) Bima ilipie MRI hiyo, na ilipie ya marudio pale ya kwanza ilipopigwa chini ya kiwango.

e) Ianzishwe hifadhi ya taifa ya picha za ubongo za watoto na vijana wenye kifafa, pamoja na wenzao wasio nacho, kwa ridhaa ya mzazi na ya kijana mwenyewe kadiri ya umri wake. Ikae nchini na iongozwe na watafiti wa hapa. Watafiti wa nje wakija, waje kama washirika, na majibu yarudi kwa familia zilizotoa picha. Wawakilishi wa wazazi na wa vijana wenye kifafa wawemo kwenye kamati inayoisimamia, wakiwa na kura.

Mwezi Mei 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu unaokwenda hadi mwaka 2031. Miongoni mwa shabaha zake kwa kifafa ni hizi tatu: asilimia 90 ya wenye kifafa wajue kuwa ugonjwa wao unatibika, asilimia 80 wapate dawa wanazozimudu, na asilimia 70 ya wanaotibiwa mishtuko yao idhibitiwe. Binti yangu na wenzake wako nje ya hiyo asilimia 70 kwa sasa, na miaka iliyobaki si mingi.

Tunaomba jibu la maandishi, linalotaja ofisi itakayoshughulikia kila ombi na tarehe ya kuanza. CD zote mbili za binti yangu ninazo. Kwa idhini yake niko tayari kuzileta ofisini kwa yeyote kati yenu, ziwekwe kwenye kompyuta moja, mtaalamu wenu mwenyewe awaeleze tofauti iliyopo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu na mzazi,
Kwa niaba ya wazazi wa vijana wenye kifafa,
Mkoa wa Morogoro